Injini Bado Nzima

Ukitaka kumtesa mtu miaka na miaka bila kumgusa hata kwa ukucha, mrithishe pikipiki yenye injini nzuri. Marehemu baba yangu, Mungu amrehemu, aliniachia Honda CG125 ya enzi zile, na tangu hapo sijui akiba ni kitu gani. Pikipiki yenye injini mbovu ina heri yake. Unaisukuma hadi kwa wauza skrepa, inapandishwa kwenye mizani, unapewa hela ya mboga, mnaachana kwa amani. Yangu haitaki kuachika. Kiki ya kwanza inakohoa, ya pili inaitika, na kila aliye karibu anageuka kuniambia maneno ninayoyachukia kuliko kodi ya pango: "Mzee, hii usiiuze. Injini bado nzima."

Haya, nzima. Lakini mimi siikalii injini. Nakalia siti, siti imelala juu ya fremu, fremu inabebwa nyuma na shokapu mbili, na shokapu zimesimama juu ya foko ya nyuma, ile miguu miwili ya chuma inayoshika tairi kushoto na kulia, ambayo mafundi wengine huiita swingamu. Huko ndiko mzigo wote unakoishia: mimi na kitambi changu, mama watoto, mtoto wa mwisho, na kapu la sokoni. Pamoja na kazi yote hiyo, hakuna anayeinama kuijulia hali. Trafiki akikusimamisha anataka leseni, bima na kofia ngumu. Mnunuzi akija anataka asikie muungurumo. Fundi naye, umwambie tairi la nyuma limeng'oka, ataanza kwa kufungua kabureta.

Na ukaidi wa injini hii haukuja kwa bahati, ulipangwa. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976 walikuwa wameshaona jinsi injini zao zenye kamshafti ya juu zinavyopata tabu katika nchi ambazo mtu hubadilisha oili siku akikumbuka. Basi wakarudi kwenye ufundi wa kizamani, kamshafti chini, pushirodi zinapanda juu kusukuma valvu, mashine inayovumilia oili nyeusi, vumbi, na mwenye nayo asiyejali. Kwa maneno mengine, wahandisi walikaa kitako Japani wakamfikiria mtu wa aina ya shemeji yangu, wakamtengenezea injini. Mwaka huohuo Brazili nao wakaanza kuiunda Manaus, na kwenye matangazo akawekwa Pelé mwenyewe. Pelé hakuambiwa abebe machungwa ya Muheza.

Kisha Wachina wakainakili injini hiyo, wakaitia kwenye pikipiki za majina ambayo hata muuzaji hayakumbuki, na leo ukitaka pistoni, ringi, valvu au gasketi ya CG, duka lolote la spea linakupa huku muuzaji anaongea na simu. Kwa hiyo haifi, na hata ikitaka kufa, dawa iko kila kona. Kilichobaki chote kinaoza taratibu kikiizunguka.

Mimi naishi Tanga, na upepo wa Tanga una chumvi. Ukiacha kufuli nje mwaka mmoja, mwaka wa pili unafungua kwa nyundo. Foko ya nyuma ni bomba lenye uwazi ndani, maji yakipenya kwenye vitundu hayana haraka ya kutoka, yanakaa humo na chumvi yake yakila chuma kuanzia ndani, huku rangi ya nje inang'aa na kukudanganya. Ongeza juu yake shemeji yangu. Kila msimu wa machungwa anakuja kutoka Muheza kuiazima "mara moja tu", anairudisha matope yamefika kwenye taa ya nyuma. Nikimwuliza alibeba nini, anajibu, "Magunia ya kawaida tu, shemeji." Magunia ya kawaida ya Muheza yana lumbesa.

Dalili zilianza kwa mlio. Kila nikipita kwenye tuta, nyuma inalia kwii, kwii. Watoto wa mtaani wakawa wanauiga. Halafu ukaja ugonjwa wa kona: mbele inakata kwenda Chumbageni, nyuma inataka kubaki Ngamiani. Kwenye mstari ulionyooka ilitulia, lakini lori likikupita ule upepo wake unakuyumbisha, na mtu aliyekaa nyuma anakushika kiuno kwa nguvu ambazo siku ya harusi hakuzionyesha.

Nikampelekea fundi wangu wa mtaani. Ni kijana mwenye adabu sana, na adabu hiyo ndiyo inayoniponza, maana kila hasara yangu huanza na salamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nyuma inatikisika."

"Hiyo ni tairi, mzee. Imelika upande mmoja."

"Na kwa nini imelika upande mmoja?"

Akafikiri. "Si kwa sababu nyuma inatikisika?"

Tukazunguka hapo kwa muda. Alitaka tununue tairi, akataka tukaze spoku, akataka kusafisha kabureta. Mwishowe nikaisimamisha mwenyewe kwenye stendi kubwa, nikashika tairi la nyuma kwa mikono miwili, nikalivuta huku na kulisukuma kule. Kipimo hiki hakitaki chuo. Tairi likicheza peke yake huku foko imetulia, ubovu uko kwenye beringi za habu. Foko yenyewe ikicheza pamoja na tairi, basi bushi zimekwisha pale mbele, nyuma ya injini, ambapo bolti ndefu hupita kwenye fremu na kuifanya foko ipande na kushuka. Yangu ilicheza yote kwa pamoja, kwa furaha, na ule mlio ukatoka bila hata kuendeshwa.

Tukachukua brashi na petroli kidogo, tukaosha matope. Bora tusingeosha. Mguu wa kushoto, karibu na bolti kuu, palikuwa na mfereji. Pale hukaa kipande cha plastiki cha kuilinda foko isisuguliwe na cheni. Kile cha kwangu kilishakwisha zamani, cheni ikaendelea na safari yake juu ya chuma. Nyuma zaidi, chini kidogo ya pale shokapu inapokaa, kando ya mshono wa kiwandani, kulikuwa na ufa. Fundi akaufuata kwa ukucha hadi ulipozunguka upande wa chini. Akagonga na bisibisi, bomba likatoa mlio wa debe.

"Aah," akasema. "Hii ndogo. Tunachomelea hapohapo, dakika mbili. Mzee usiogope, injini bado nzima."

Nikamwonyesha tenki lililokuwa juu ya kichwa chake. Nikamwuliza ndani mna nini. Akaniambia, kwa nia ya kunituliza, kwamba petroli yenyewe ni robo tu. Sasa robo tenki ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu robo tatu zilizobaki si tupu, zimejaa mvuke. Zaidi ya hapo, umeme wa kuchomelea ukiruhusiwa utafute njia yake ya kurudi, hupita kwenye beringi na nyaya na kila kilicho dhaifu, na unaweza kutoka na foko iliyounganishwa na mfumo wa chaji uliokufa. Nikasema foko inatolewa, inapelekwa kwa mchomeleaji ikiwa peke yake. Kijana akaniangalia kwa huruma ile wanayowaangalia nayo wazee waliosoma.

Ni rahisi kusema itolewe. Nati ya bolti kuu ilifunguka kwa heshima. Bolti yenyewe ikakataa. Kutu ilikuwa imeifunga bolti na kikombe cha ndani cha bushi vikawa kitu kimoja, na kila ukipiga nyundo, ule mpira wa bushi unameza pigo na kulirudisha. Tukairudishia nati mwishoni ili nyundo isiharibu hesi, tukapaka mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, tukaiacha ilale nayo. Asubuhi ilikuwa palepale.

Hapa ndipo mtaa unapokuja. Pikipiki ikilazwa ubavu barazani, kila mwanamume wa mtaa hugundua ana nafasi. Mmoja akasema tupige kutoka upande wa pili. Tukapiga. Mwingine akasema si kwa nguvu, ni kwa akili, lakini hakuwa amekuja nayo. Jirani yangu mstaafu wa reli akasema kule relini chuma kikigoma walikipa moto. Tukakipa moto, mpira wa bushi ukaanza kuungua, moshi mweusi ukaingia jikoni kwangu, na nikaitwa ndani kujieleza. Watu wakaipapasa injini, wakaisifu, wakanywa kahawa, wakaniachia vikombe.

Dawa ilikuwa msumeno. Ukitoa fremu ya msumeno na kubaki na wembe wenyewe, ukauviringisha kitambaa ushike vizuri, unapenya kwenye nafasi finyu kati ya foko na fremu. Unakata bolti upande mmoja, halafu wa pili, na foko inadondoka na kipande chake cha bolti tumboni. Ni kazi ya polepole inayokunyima heshima, mtu mzima umelala chini ya pikipiki unasogeza mkono sentimita mbili kwenda, mbili kurudi. Nyembe tatu zilivunjika. Kijana alikuwa akishika zamu na mimi, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu.

Foko ilipotoka, nikaitikisa. Kutu ikamwagika kupitia kwenye kitundu, ikarundikana sakafuni kama majani ya chai. Ikabidi tuulize bei ya nyingine.

Duka la kwanza lilikuwa na foko za pikipiki za Kichina, bomba la pembe nne, mpya, zimefungwa nailoni. Muuzaji akaniapia kwamba injini ni ileile ya CG, kwa hiyo foko nayo ni ileile. Nikaweka yangu juu ya yake. Yake ilikuwa pana zaidi kwenye bolti kuu, ndefu zaidi nyuma, na pa kukalia shokapu pako mbele zaidi. "Inaingia hiyo," akasema, "unapunguza tu na grenda." Nikamwuliza na cheni nitaongeza? Na ule mkono wa kuzuia sahani ya breki isizunguke, utafungwa wapi? Akasema hayo ni ya fundi, yeye ni muuzaji. Duka la pili walinionyesha ya mtumba, imenyongwa kidogo; ukiilaza mezani mguu mmoja unasimama. Wakaniambia meza ndiyo mbovu.

Basi ikawa kuchomelea. Wachomeleaji hawakosekani mjini, lakini wengi wamekulia kwenye mageti. Mtu wa mageti ni fundi halali kabisa, ila geti likipasuka mshono linabaki limesimama ukutani na hakuna anayeumia. Yeye kila chuma kwake ni geti: anaweka moto mwingi, anajaza, anapaka rangi ya fedha juu. Nilimpita huyo, nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Ngamiani ambaye ujana wake aliumalizia kukarabati mashine za mkonge mashambani. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Nikaanza kumweleza habari za injini. Akasema, "Injini umeileta?"

"Hapana."

"Basi tuiache."

Nilitamani kumkumbatia.

Akauvua ule ufa rangi na kutu hadi chuma kikang'aa pande zote. Halafu akachukua drili, akatoboa tundu dogo kwenye kila mwisho wa ufa. Nikashangaa, nimeleta chuma kilichopasuka nacho kinaongezewa matundu. Akanieleza kwa maneno machache kwamba ufa unasafiri kwa ncha yake; ukiikatia ncha ikawa duara, nguvu inatawanyika na ufa hauna pa kuendelea. Akapitisha grenda juu ya ufa kuufungua uwe mfereji wa V, ili moto ushuke hadi chini na usiishie kulamba juu. Akaingiza ekseli ya tairi nyuma na kuikaza, akapitisha chuma kwenye nafasi ya bolti kuu mbele, akaifunga miguu miwili kwa kipande cha angle. Chuma kikipata joto hutanuka, kikipoa hujikunja, na usipokifunga kinapoa kikiwa kimenyongwa. Ndiyo hadithi ya ile foko ya mtumba na meza yake.

Rodi alizotumia zilikuwa za milimita 2.5, na moto akauweka mdogo, maana bomba ni jembamba na lilishaliwa. Anachoma kidogo, anaruka upande mwingine, anasubiri. Mimi mpenda haraka nilikuwa nimesimama na miguu inaniuma. Alipofika katikati, umeme ukakatika. Fundi wa mageti jirani akatukana. Mzee akatoa kikombe, akajimiminia chai. Tukaketi. Nikamwuliza kwa nini asiwe na jenereta. Akanitazama, nikaelewa kwamba chai nayo ni kifaa.

Umeme uliporudi akamalizia, kisha akakata kiraka cha bati nene cha kufunika pale penye ufa na kingine kwenye mfereji wa cheni. Ncha za viraka akazichonga zikawa kali pande zote mbili. Mshono unaokatiza bomba moja kwa moja, akasema, ni kumwonyesha ufa mwingine pa kuanzia. Wakati huo msaidizi wake, kijana mwenye bidii ya kupita kiasi, akawa anakuja mbio na kopo la maji ili apoze. Ndiyo mara pekee niliyomsikia mzee akipaza sauti. Maji kwenye mshono wa moto hukistua chuma, na kazi yote ya kukifunga kisinyongeke inakwenda na mvuke. Kopo likarudishwa. Foko ikapoa yenyewe, kwa wakati wake, nami nikapoa nayo.

Ya bolti na bushi nayapita haraka, ingawa ndiyo yaliyokula pesa. Kijana wangu alishanitafutia kipande cha nondo. "Inatosha kabisa mzee, hii inashika ghorofa." Nikamwambia ghorofa halipiti kwenye matuta. Nikaenda kwa fundi wa kukereza, naye akanitengenezea bolti kutoka kwenye ekseli kuukuu ya gari, chuma kigumu, na bushi za shaba zenye njia ya grisi. Akataja bei. Nikamwuliza kama anajua ni ya pikipiki. Akasema anajua, ya gari ingekuwa ghali zaidi.

Kabla ya kufunga tulimimina oili chafu ndani ya miguu yote miwili, tukaizungusha ienee, tukaacha kitundu cha chini wazi ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Rangi nyeusi haikuwepo, kwa hiyo foko yangu sasa ni ya kijani, rangi iliyobaki kwenye geti la mtu. Tukafunga, tukavuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, kushoto na kulia, kuona kama matairi yanafuatana. Zile alama za kutaiti cheni zilituambia tairi liko sawa. Uzi ukasema alama ni waongo. Tukaufuata uzi.

Na ikapona. Ngamiani na Chumbageni sasa naziendea nikiwa mzima mmoja. Shemeji alipopata habari akapiga simu kunipongeza, akauliza machungwa yanaanza lini mwaka huu, kana kwamba yeye si wa Muheza.

Balaa likazuka nyumbani. Kumbe ule mlio wa kwii, kwii ulikuwa na kazi yake. Ulikuwa ukisikika kona ya msikiti, geti linafunguliwa, runinga inazimwa, madaftari yanafunuliwa, na chakula kinaanza kupashwa moto. Jioni ya kwanza nikafika bila sauti. Geti limefungwa. Nikagonga hadi kiganja kikauma. Nilipofunguliwa nikawakuta watoto wamekodoa macho kwenye katuni, na mama watoto akanipokea kwa swali.

"Siku hizi unanyata? Ulikuwa wapi?"

"Nimetoka kazini moja kwa moja."

"Mbona hatukukusikia?"

Nikamweleza habari ya bushi za shaba. Hakuna mke aliyewahi kuridhishwa na bushi za shaba. Akasema kama nakuja kwa heri, basi nipige honi. Honi yenyewe haijawahi kulia mikononi mwangu. Asubuhi nikamsukumia kijana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," nikasema, nikitafuta pochi.

Akabonyeza kitufe, akategesha sikio, akafuata waya kwa kidole hadi ulipopotelea chini ya siti. "Honi haina neno, mzee. Ila waya umeoza njia nzima. Itabidi tushushe tenki."

Nikampa spana namba 10.